Bahasha ya Kaki na Wajibu wa Mzazi

Tangu tarehe 19 Mei 2004, kanuni ya Marekani inamtaka kila anayetuma tangazo la ngono kwa barua pepe, kwa mtu ambaye hakukubali kupelekewa, aanze mstari wa mada kwa maneno SEXUALLY-EXPLICIT, yaani mambo ya ngono waziwazi, yakifuatwa na nukta pacha na nafasi moja tupu. Jumla ni alama 19. Lazima ziwe herufi kubwa, zitangulie neno lingine lolote, na ziandikwe kwa herufi za kawaida za kompyuta ili programu ya kuchuja barua izitambue bila kubabaika. Barua ikifunguliwa, kinachoonekana kwanza kisiwe picha wala simulizi ya ngono. Kiwe onyo lilelile, anwani ya posta ya mtumaji, njia ya kujitoa kwenye orodha yake, na maelekezo kwa mtu mzima anayetaka kuendelea. Tume ya Biashara ya Shirikisho iliyotunga kanuni hiyo iliifananisha na karatasi ya kaki, ile ambayo magazeti ya namna hiyo yalikuwa yakifungwa kabla ya kupelekwa posta. Anayekiuka kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 5.

Ningemwomba mzazi azitazame alama hizo 19 na ajiulize zimeandikiwa nani. Hazikuandikiwa mtoto. Mtoto wa miaka 10 akiona onyo kwamba ndani mna mambo ya wakubwa, hatazami pembeni. Mara nyingi onyo ndilo linalomvuta. Zimeandikiwa mtu mzima mwenye kauli ndani ya nyumba. Dola imesema kilichomo ni hiki, kisha ikakaa kimya na kumwachia yeye. Imefika mlangoni ikasimama, na imesimama kwa makusudi, kwa sababu Katiba yake inaikataza kuingia.

Wazazi wengi huuliza kwa nini uchafu huu usipigwe marufuku, mambo yakaisha. Swali hilo lina uchungu wa kweli na halistahili kubezwa. Lakini wenzetu wa Marekani walishaulizana, tena mbele ya majaji. Mwaka 1957, katika shauri la Butler, Mahakama ya Juu ilikataa sheria ya Michigan iliyozuia kuwauzia watu wote vitabu vinavyoweza kuwapotosha vijana. Jaji Frankfurter alieleza kwamba sheria hiyo ingewalazimisha watu wazima wote kusoma yale tu yanayowafaa watoto. Miaka 11 baadaye Mahakama hiyohiyo ikakubali upande wa pili wa jambo. Ginsberg, mwenye mgahawa mdogo huko Long Island, aliuza magazeti ya wanawake walio uchi kwa kijana wa miaka 16. Hukumu ilithibitishwa: dola inaweza kumzuia muuzaji asimuuzie mtoto kile ambacho mtu mzima ana haki ya kukinunua. Kuna mambo mawili katika shauri hilo ambayo hayatajwi sana. Kijana yule alitumwa na mama yake mzazi, kusudi muuzaji ashitakiwe. Na Mahakama ilisema wazi kwamba sheria haimzuii mzazi anayetaka kumnunulia mwanawe magazeti hayo afanye hivyo. Neno la mwisho lilibaki kwa mzazi, hata pale ambapo wengi wetu tungemwona amekosea.

Shauri lililo karibu zaidi na barua pepe ni la mwaka 1970. Mwaka 1967 Bunge la Marekani lilimpa kila mwenye nyumba haki ya kwenda posta na kusema kwamba tangazo fulani linamwamshia mawazo ya ngono, na kwamba mtumaji asimpelekee tena chochote. Kampuni za matangazo zilifungua kesi kwa jina la Rowan, zikidai kwamba uhuru wao wa kusema umeingiliwa. Zilishindwa bila jaji hata mmoja kuzitetea. Jaji Mkuu Burger alieleza kwamba haki ya mtumaji inakoma kwenye sanduku la barua la mtu asiyetaka kumsikia. Fomu ya kuomba zuio hilo ingalipo posta hadi leo, inaitwa Fomu 1500, na mzazi anaweza kuorodhesha humo majina ya watoto wake walio chini ya miaka 19 wanaoishi naye.

Linaloifanya sheria hiyo ipite salama mbele ya Katiba ni kwamba hakuna ofisa wa serikali anayekaa kupima kama tangazo ni chafu au safi. Mwenye nyumba ndiye anayepima, peke yake. Akitaka kulizuia tangazo la vitambaa kwa madai kwamba linamwasha, posta haimhoji. Mtu anaweza kucheka, lakini hapo ndipo penye busara yake. Siku serikali itakapopewa kazi ya kupima kipi kinafaa kuingia sebuleni, haitaishia kwenye picha za uchi.

Ushahidi wa hilo ulikuja mwaka 1983. Kampuni ya Youngs, watengenezaji wa kondomu, ilitaka kuwapelekea watu kwa posta matangazo na vijitabu, kimojawapo kikieleza magonjwa ya zinaa kwa lugha nyepesi. Posta ilikataa, ikishikilia sheria iliyotokana na ile ya mwaka 1873 iliyozuia kutuma matangazo ya uzazi wa mpango ambayo mtu hakuyaomba. Serikali ilijitetea kwamba inawasaidia wazazi kuamua lini na vipi watoto wao wataambiwa habari hizo. Mahakama ya Juu haikukubali. Ilisema wazazi wana kazi kila siku ya kukabiliana na mambo mengi ya nje yanayowafikia watoto, na kwamba sheria ile, kwa jina la kuwasaidia, ilikuwa inawanyima wazazi habari ambazo wao wenyewe wangezihitaji ili wazungumze na watoto wao. Ilisema pia kwamba anayepokea karatasi asiyoitaka ana safari fupi tu kutoka kwenye sanduku hadi kwenye jaa, na kwamba mzigo huo Katiba inauvumilia.

Nakubaliana na uamuzi huo kwa moyo wote, isipokuwa hapo kwenye safari fupi. Sanduku la barua la mwaka 1983 lilifunguliwa na baba au mama akirudi kazini, barua zikapangwa juu ya meza kabla mtoto hajazigusa. Mkono wa mtu mzima ulitangulia. Kikasha cha barua pepe kiko ndani ya simu, na simu iko mkononi mwa mtoto chini ya shuka saa nne za usiku. Hakuna anayetangulia. Ndiyo maana lebo ile ya alama 19 ina maana kubwa kuliko inavyoonekana: inajaribu kumrudishia mzazi nafasi ya kutangulia, kwa kumpa programu kitu cha kukamata kabla barua haijafika machoni.

Sasa lebo yenyewe nayo ni maneno, na anayelazimishwa kuyaandika ni mtu mwenye uhuru wa kusema. Uhuru huo, kwa mujibu wa Mahakama ya Marekani, unabeba pia haki ya kutosema. Mwaka 1977 Mahakama ilimtetea mkazi wa New Hampshire aliyeifunika kaulimbiu ya jimbo kwenye kibao cha namba cha gari lake kwa sababu hakuiamini. Mfanyabiashara hana kinga kubwa kiasi hicho. Tangu mwaka 1985 inakubalika kumlazimisha aseme ukweli mtupu usio na ubishi kuhusu bidhaa yake, ili mnunuzi asidanganyike. Shida ni pale ukweli mtupu unapogeuka kuwa maoni ya serikali.

Illinois iliteleza hapo. Jimbo hilo liliamuru kila mchezo wa video wenye mambo ya ngono ubandikwe namba 18 yenye ukubwa wa inchi nne za mraba. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba iliitupa amri hiyo, ikisema kwamba kuupa mchezo hukumu ya aina hiyo si sawa na kutaja kemikali iliyomo kwenye bidhaa, maana mtengenezaji anaweza kuwa na maoni tofauti kabisa, na kibandiko kilikuwa kikubwa kuliko ilivyohitajika. Texas nayo mwaka 2023 ilizitaka tovuti za ngono ziweke maonyo kwamba ponografia inadhuru ubongo na akili. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano, ambayo haijulikani kwa kuzionea huruma kampuni hizo, iliyazuia maonyo hayo mwaka 2024, kwa sababu dola ilikuwa inamwekea mtu mdomoni madai ya kisayansi ambayo bado yanabishaniwa.

Ukiiweka lebo ya barua pepe kando ya hizo mbili, tofauti ni kubwa. Haisemi kwamba kilichomo ni kibaya, kinaharibu akili au kinamchukiza Mungu. Inataja kilichomo, na maana ya maneno yake imechukuliwa kutoka kwenye sheria ya jinai inayoorodhesha vitendo vyenyewe. Haimgusi aliyekubali kupelekewa. Haigusi ujumbe ambao sehemu yake ya ngono ni ndogo ndani ya jambo kubwa lingine. Hata urefu wake ulipunguzwa: pendekezo la kwanza lilikuwa na alama 27, Tume ikaondoa neno moja ili mtumaji abaki na nafasi ya kuandika mada yake mwenyewe. Alama nane ni kitu kidogo sana, lakini kwangu ni dalili ya watu waliojua kwamba hata mwenye biashara isiyopendeza wamemkopa mdomo, na aliyekopa hukopa kwa kiasi.

Je, ilifanya kazi? Kidogo. Mwaka 1998 California ilishajaribu kwa kuwataka watumaji wa matangazo ya watu wazima waanze mada kwa ADV:ADLT. Wengi hawakujali. Baada ya kanuni ya 2004, Tume ilizishughulikia kampuni saba mwezi Julai 2005 kwa kukiuka lebo. Mwaka huohuo ikaliambia Bunge kwamba kulazimisha lebo kwenye matangazo yote ya barua pepe hakutasaidia, kwa sababu mhalifu anayejificha nyuma ya anwani bandia habandiki lebo, na mfanyabiashara mwaminifu anayeibandika ndiye barua zake zitakazotupwa. Utah na Michigan zilichukua njia nyingine mwaka 2005: mzazi anaandikisha anwani ya barua pepe ya mwanawe kwenye daftari la jimbo, na mtumaji wa matangazo ya watu wazima analazimika kulipia orodha yake ikaguliwe na kuondoa anwani hizo. Nia ni njema. Lakini Tume ilionya kuhusu madaftari ya aina hiyo kwamba orodha ya anwani za watoto, zikiwa mahali pamoja, ni kitu ambacho wanaowawinda watoto wangekitamani sana.

Ninapopita katika mashauri haya, lipo moja ninaloshindwa kulisoma kwa utulivu, nalo ni la mwaka 2000. Bunge la Marekani lilikuwa limeona kwamba picha za chaneli za ngono kwenye televisheni za kebo zinavuja kwenye nyumba zisizozilipia: sauti inasikika, picha inajitokeza na kupotea. Sheria ya 1996 ikaweka mambo mawili. Kwanza, mteja yeyote akiomba, kampuni ya kebo imfungie kabisa chaneli hiyo, bure. Pili, kampuni isiyoweza kuziba uvujaji irushe vipindi hivyo kuanzia saa nne za usiku hadi saa kumi na mbili za asubuhi tu. Playboy ilishitaki kwa ajili ya hilo la pili na ikashinda, majaji 5 kwa 4. Jaji Kennedy alieleza kwamba njia ya kwanza inatosha: mzazi ajulishwe haki yake, aamue. Dola haiwezi kudhani kwamba wazazi, wakishaelezwa, hawatachukua hatua.

Kilichoniuma kipo kwenye kumbukumbu za kesi hiyo. Walioomba kufungiwa walikuwa chini ya asilimia 0.5 ya wateja. Upande wa serikali ulisema idadi hiyo inaonyesha kwamba njia ya hiari imeshindwa. Mahakama ilijibu kwamba huenda wazazi hawakujulishwa vya kutosha, au uvujaji haukuwa mkubwa kiasi cha kuwakera. Kisheria naliona jibu hilo ni sahihi. Kutochukua hatua kwa wazazi hakuwezi kuwa kibali cha kumnyamazisha mtu mwingine. Lakini uhuru unaolindwa namna hiyo unasimama juu ya dhana moja, kwamba ndani ya nyumba kuna mtu anayelea. Majaji walitupa imani. Imani hiyo ina deni, na mwenye kudaiwa si Playboy.

Mwaka 2004 Jaji Kennedy alirudia hoja ileile kuhusu intaneti. Sheria ya 1998 ya kuwalinda watoto mtandaoni ilizuiwa kwa sababu programu za kuchuja zilizowekwa na wazazi zingeweza kufanya kazi vizuri zaidi, na kwa sababu sheria ile isingewagusa walio nje ya Marekani, ambako, kwa takwimu zilizokuwa mbele ya Mahakama, asilimia 40 ya mambo hayo yalikuwa yakitoka. Kisha Juni 2025, majaji 6 kwa 3, Mahakama ikabadili mwelekeo: Texas inaweza kuzidai tovuti ambazo zaidi ya theluthi moja ya yaliyomo yanawadhuru watoto zithibitishe umri wa wanaoingia. Jaji Thomas aliandika kwamba teknolojia imebadilika mno tangu siku zile. Jaji Kagan alipinga, akihofia mzigo unaowekwa juu ya mtu mzima mwenye haki yake. Kwangu uamuzi huo una maana nyingine pia. Kwa miaka 20 wazazi walipewa nafasi ya kulifanya jambo hili wenyewe, na dola imeanza kuichukua nafasi hiyo kidogo kidogo.

Barua pepe haina mpaka. Kikasha cha mtu wa Kisumu au Tanga kiko kwenye kampuni zilezile kinakowekwa cha mtu wa Ohio, na lebo ya Marekani ikibandikwa inasomeka kotekote. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, yenye kifungu kuhusu ponografia na kingine kuhusu ujumbe ambao mtu hakuuomba. Lakini hakuna kifungu kinachokaa chumbani na mtoto. Mtoto wa darasa la sita anamwomba mama simu ili anakili maswali ya hesabu aliyotuma mwalimu kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mama anapika, anampa. Simu haina nywila, kikasha cha barua pepe kiko pembeni ya WhatsApp, na ndani yake mna barua 3,000 ambazo mama hajawahi kuzifungua kwa sababu anwani ile aliitengeneza mara moja tu, siku aliponunua simu. Huo ndio mlango ulio wazi. Kuufunga kunachukua dakika chache: kufungua mipangilio, kutengeneza kichujio kinachotafuta yale maneno ya lebo kwenye mada, na kuchagua barua zote za namna hiyo zifutwe. Kisha mtoto afunguliwe anwani yake ya mtoto, inayosimamiwa na mzazi. Wahuni wasiobandika lebo watapenya. Kwa hao, kichujio ni mazungumzo.

Na mazungumzo ndiyo tuliyoyakimbia. Zamani kwetu pwani, na bara pia, watoto hawakuachwa wajifunze wenyewe habari za mwili. Msichana alikuwa na somo au kungwi wake, mvulana alikuwa na watu wa jando, na juu yao wote walikuwapo bibi na shangazi walioweza kusema ambalo mama angeona haya kulisema. Baba na mama waliruhusiwa kunyamaza kwa sababu mtu mwingine alikuwa amekabidhiwa kusema. Tulipohamia mjini tulibaki na unyamavu, wale waliokabidhiwa tukawaacha nyuma. Simu ikajaza pengo. Mzazi anayeona aibu amtafute shangazi, ampigie, amkabidhi kazi hiyo waziwazi. Asiye na shangazi aseme mwenyewe, hata kama maneno yatamkwama. Mtoto anahitaji kuambiwa mapema, kabla halijatokea: ukikutana na picha ya namna hiyo niletee simu, hutapigwa, na simu hutanyang'anywa. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo wazazi wengi husita kuitoa. Bila hiyo, mtoto aliyeona ataficha kwamba ameona, na atakwenda kumwuliza mwenzake aliyeona zaidi.

Upo mpaka wa upande wa pili pia. Katika shauri la Rowan, Jaji Brennan, akiungwa mkono na Jaji Douglas, aliongeza maneno machache ya tahadhari. Sheria ile ya posta ilimruhusu mzazi kumzuilia kijana wa miaka 18 barua za aina yoyote, hata za siasa au za dini, alimradi mzazi aseme zinamchukiza. Brennan alisema swali la haki za kijana huyo bado liko wazi. Aliliacha wazi kwa haki. Kijana wa miaka 17 anayemwandikia padri wa kanisa lingine, anayesoma makala za chama ambacho baba hakipendi, au anayetafuta maelezo ya kitabibu kuhusu mwili wake hayumo katika hatari ambayo lebo ile iliwekwa kuizuia. Mzazi anayetumia nywila, kichujio na ukaguzi wa simu kwa ajili ya hayo anachukua mamlaka ambayo Mahakama iliinyima serikali yenyewe, na kijana anajua. Kichujio cha matangazo ya ngono kibaki kwenye kikasha chake mpaka akiondoe mwenyewe. Barua zake nyingine mzazi aziache zifike, na kama anataka kujua zinasema nini, amwulize.